Bibi alikuja na magunia manne

"Mwanangu, mimi nimekuja na manne. Haya matano yametoka wapi?"

Bibi alisimama mlangoni mwa ghala, koti la kiume juu ya kitenge, mabuti yamejaa tope hadi juu. Ilikuwa asubuhi ya mwezi wa saba, na anayeijua Isongole ya Rungwe mwezi wa saba hahitaji kuelezwa: ukungu umelala barabarani hadi saa nne, magari yanayopanda kutoka Tukuyu yanapita yamewasha taa, vidole vinakataa kushika kalamu. Alikuwa anahesabu magunia yake kwa kidole. Akafika matano. Akarudia. Matano. Na pembeni viazi vilikuwa bado vimebaki chini, kama ndoo mbili hivi.

Alidhani tumemchanganyia na mzigo wa mtu.

"Hivi vya watu," akasema. "Mrudishieni mwenyewe, nisije nikalala na mali ya mwenzangu."

Hakuna aliyemjibu. Vijana wa kujaza wakajifanya wanapanga ndoo. Mimi, karani wa ghala, nilikuwa na daftari mkononi. Mshonaji wetu alikuwa amepiga goti kwenye gunia la tano, anavuta kamba kwa shazia, ile sindano kubwa ya magunia. Akafunga fundo, akakata kamba, akasema bila kuinua uso: "Ni vyako vyote, mama. Leo vimekaa vizuri tu."

Leo vimekaa vizuri tu.

Ni wiki ya sita sasa, maneno hayo hayajaniachia.

## Hesabu ya ndoo

Wasomaji wa huku kwetu hamhitaji somo la lumbesa, kwa hiyo nitasema tu hesabu ya ghala letu. Gunia likijazwa hadi mdomoni na kushonwa bapa linachukua ndoo sita. Likifanywa lumbesa, likapandishiwa nundu na kufungwa kwa kamba juu, linameza nane, siku nyingine tisa. Sheria ya vipimo inataka gunia la mazao ya shamba lisizidi kilo 100. Bei inabaki ile ile, bei ya "gunia". Siku ile ilikuwa shilingi 60,000.

Bibi alitoka nyumbani akijua ana magunia manne kwa sababu miaka yote amehesabu kwa lumbesa. Ndoo 32, magunia manne. Yule mzee, mshonaji wetu, akamshonea bapa, yakatoka matano na ndoo mbili za kurudi nazo nyumbani.

Hakuongezewa hata kiazi kimoja.

Hilo ndilo lililonikaa kooni. Mimi nimelelewa kanisani, na tangu utoto nikisikia neno wema naona mkono unaotoa: kilo ya sukari kwa mjane, noti kwenye kikapu cha sadaka, blanketi kwa mgonjwa. Mzee hakutoa kitu. Aliacha kuchukua, basi, na mama mzima akashtuka akidhani kuna mtu ameibiwa.

Usiku ule nilishusha madaftari yangu yote ya miaka mitatu nikayapanga kitandani. Nilitaka nijue. Ni ndoo ngapi zimepita mbele yangu bila kulipiwa? Nikafungua la kwanza, la pili, la tatu. Kila ukurasa una tarehe, jina la mkulima, idadi ya magunia, fedha, sahihi au dole gumba. Hakuna mahali palipoandikwa ndoo. Hakuna palipoandikwa kilo. Mwandiko wangu ni mzuri, jumla zote ziko sawa, na humo ndani huwezi kumwona mtu yeyote aliyepunjwa.

Nilikuwa nimeandika vizuri mno.

## Mtu asiyesema "Bwana asifiwe"

Pale ghalani kila asubuhi, kabla ya kazi, tunasali. Mimi ndiye ninayeongoza. Nikimaliza naitikisha kwa salamu yetu ya Kimoraviani: "Mwanakondoo ameshinda!" Nao wanajibu: "Tumfuate!" Wako Walutheri, wako wa makanisa ya uamsho, wako wasiosali popote, wameizoea, wote wanajibu. Baada ya hapo tunashika ndoo.

Mzee husimama nyuma kabisa, kofia mkononi. Sijawahi kuona midomo yake ikicheza. Kuna kijana wetu mmoja, ameokoka mwaka jana na ana moto kweli kweli, alimwuliza siku moja mbele ya watu: "Mzee wangu, wewe umeokoka?" Mzee akasema, "Namwomba Mungu, mwanangu," akaendelea kupitisha kamba kwenye tundu la shazia. Kijana alinitazama kama mtu aliyegonga mlango wa nyumba isiyo na watu.

Na mimi, nisifiche, nilikuwa nimemweka mzee kwenye orodha ya watu ninaowaombea wamjue Bwana.

Baada ya asubuhi ile ya bibi nilianza kumtazama. Niliyaona mambo ambayo yalikuwa mbele ya macho yangu siku zote. Kwa mfano fundo lake. Washonaji wengi wakimaliza mdomo wa gunia wanaacha fundo nje, limesimama kama mwiba, na kamba ile ya plastiki ikikauka ni kali. Mpakizi anapolishika gunia kwa juu, fundo linamchana kiganja. Mzee analirudisha fundo lake ndani, analisukuma kwa ncha ya shazia, kisha anapitisha kidole gumba juu yake kuhakikisha halichomi. Inamchukua muda, na yeye analipwa kwa gunia. Nilidhani ndivyo alivyofundishwa. Mpakizi mmoja akanionyesha viganja vyake: "Msimu huu sijachanika, kaka. Magunia yote ni ya mzee."

Jambo la pili ni ufagio. Jioni kufagia ni kazi yake, na tajiri, mwenye ghala, amemgombeza mara nyingi kwamba anachelewa. Kumbe kuna kina mama wawili watatu wanaopita saa kumi na moja kuokota viazi vilivyodondoka na kukataliwa, vile vidogo kama goroli. Mzee anangoja. Anakunja kamba zake, anazikunjua, anazikunja tena. Wakishapita ndipo anashika ufagio. Hawasemeshi, wala wao hawamshukuru, maana hawajui kama kuna mtu amewangojea.

Miaka mitatu nimemsomea mtu huyu sala.

## Sikuona

Jioni ya siku ile ya bibi, tajiri alifika na fuso.

Nataka nimtendee haki. Si mtu mbaya. Mpakizi alipoangukiwa na gunia akavunjika mguu, tajiri alilipa hospitali hadi mwisho na mshahara ukaendelea. Kanisani kwake ameezeka. Na ana mstari wake anaoupenda, anausema huku akilipigapiga lumbesa ubavuni kama mtu anayesifia ng'ombe: "Kipimo cha kujaa na kushindiliwa, na kusukwa-sukwa hata kumwagika!" Watu wanacheka. Mimi nimecheka miaka mitatu, nami mstari ule ninaujua wote. Luka 6:38 unaanza na neno "Wapeni". Sisi tulikuwa tunauanzia katikati.

Akaona magunia matano bapa katikati ya lumbesa.

"Nani kafunga hivi?" Akanigeukia. "Karani, si ulikuwepo?"

Ghalani tuna jiko la mkaa kwa ajili ya baridi. Nilikuwa nimeliinamia, naota mikono.

"Mimi nilikuwa nahesabu tu, tajiri. Walivyoshona sikuona."

Nyuma ya magunia sauti ikasema: "Ni mimi."

Tajiri hakufoka. Alisema kesho mzee akapakie, kushona atashona kijana. Ndivyo ilivyokuwa kwa wiki mbili: mtu aliyevuka miaka hamsini akipanda ubao wa fuso na lumbesa mgongoni, akishuka anajishika kiuno, hakulalamika. Jina lake nililihamisha mimi mwenyewe kutoka orodha ya washonaji kwenda ya wapakizi, kwa mwandiko wangu ule ule mzuri.

Asubuhi iliyofuata niliongoza sala kama kawaida. Nikaita, "Mwanakondoo ameshinda!" Wakajibu. Nilikuwa nimefumba macho kwa nguvu ili nisione nyuma kabisa kuna nani.

Petro naye, alipomkana Yesu, alikuwa anaota moto wa makaa. Yohana ameandika sababu, kwamba kulikuwa na baridi. Nimeusoma mstari huo tangu shule ya Jumapili na sikuwahi kufikiri kwamba baridi inaweza kuwa na kazi yoyote katika habari ile.

## Wema kwa mali ya nani?

Mtu akijua amekosa hutafuta wakili, nami nilijitafutia. Wiki nzima nilijitetea hivi: mzee hakuwa na haki. Viazi vilikuwa vinanunuliwa kwa fedha ya tajiri. Kule Dar es Salaam dalali anapokea lumbesa. Ukimpelekea gunia bapa anakata bei, na hasara ni ya tajiri. Kwa hiyo mzee alimfanyia bibi wema kwa mfuko wa mwingine. Huo ni wema gani?

Hoja hiyo si ya kijinga, na hadi leo sijaimaliza yote. Ila ilinirudia mwenyewe. Mimi nina tabia ya kuwachotea wajane wa mtaani kwetu viazi ghalani, ndoo moja moja, bila kumwambia tajiri. Nikiondoka pale moyo wangu mwepesi, naona nimefanya kazi ya Bwana. Nilikuwa natoa sadaka ya mali isiyo yangu, na bado narudi nyumbani na baraka.

Siku ya kumi na moja nikapata ujasiri. Tulikuwa tunakunywa chai, mzee amekaa juu ya kipande chake cha gunia, kile anachowekea goti. Nikamwuliza, kwa kuzunguka sana, kama haoni kwamba tajiri aliumia.

Akafikiri.

"Tajiri alimwambia yule mama ananunua gunia," akasema. "Nimeshona gunia."

Nikasubiri. Nilitaka aniambie la imani. Nilitaka aseme Mungu alisema naye usiku, au alisoma mahali, kitu ambacho ningeweza kukisimulia kwenye ibada ya asubuhi. Nikamwuliza kwa nini siku ile, kwa nini bibi yule, wakati amekuwa akishona lumbesa tangu mimi sijazaliwa.

Hapo ndipo aliponiangalia.

"Alikuwa ananishikia mdomo wa gunia," akasema. "Limejaa, mimi nataka nundu. Yeye akaniambia, ongeza, baba, ongeza, lisije likapungua wakamlaumu mwenye gari." Akamwaga masalia ya chai chini. "Nikachoka."

Basi. Nikachoka.

Nilikuwa nimeshamtengeneza mtakatifu kichwani mwangu, mtu aliyepanga, aliyejiandaa, aliyekesha. Naye ameshona nundu miaka yote kama sisi, hadi siku moja mama anayepunjwa akamhimiza ampunje zaidi, kwa huruma yake kwa mtu wa gari ambaye hajawahi kumwona. Mkono wa mzee ukagoma. Nilisikitika kwa saa kadhaa kwamba habari yangu imeharibika. Kisha nikaanza kuona kwamba hii ndiyo niliyoihitaji, kwa sababu mtakatifu ningemstaajabia tu na kurudi kwenye daftari langu. Mtu aliyechoka ninaweza kumfuata. Mimi pia nimechoka.

## Kimya cha aina mbili

Kuna maneno tunayapenda sana siku hizi: tuhubiri kwa matendo. Nimeyatumia mara nyingi, na sasa nayaogopa kidogo. Kila nilipoona jambo ghalani linalohitaji mtu aseme, nilijiambia mimi nahubiri kwa matendo. Nikanyamaza. Na matendo yenyewe yalikuwa ni kuandika "magunia 4".

Kanisa langu lina historia ya watu wa kazi za mikono. Wamisionari wa kwanza waliotumwa na Wamoraviani kutoka Herrnhut, Ujerumani, mwaka 1732, kwenda kisiwa cha St. Thomas huko Karibiani, walikuwa wawili: Leonhard Dober, mfinyanzi, na David Nitschmann, seremala. Huku kwetu Wamoraviani walifika Rungwe mwaka 1891, na ukipita pale leo bado utaona majengo ya zamani yamesimama. Nimewahi kuitumia historia hiyo kujenga hoja kwamba mikono inatosha. Lakini mfinyanzi yule hakuvuka bahari ili akafinyange. Alikwenda kusema. Paulo naye anasema wazi kwamba kwa kinywa mtu hukiri.

Kwa hiyo sina ruhusa ya kumfanya mzee kuwa kisingizio changu. Kwa nje kimya chake na changu vinafanana kabisa. Wote wawili hatukuhubiri mtu. Lakini swali lilipoulizwa mbele ya watu, mimi niliyezoea kusali kwa sauti nilisema sikuona, na yule ambaye midomo haichezi akasema "Ni mimi." Sijasikia ushuhuda mfupi kuliko huo, na hakuna hata mmoja wetu aliyeitikia amina.

## Chini ya turubai

Mizani tunayo. Sijui kwa nini nimechelewa kulisema. Imesimama kona ya ghala, imefunikwa turubai, na juu ya turubai tunaweka ndoo tupu. Huwa tunaifunua maofisa wa vipimo wakipita. Siku hiyo magunia yetu yote yanakuwa bapa na kila mtu anakuwa mpole.

Jumamosi moja usiku nikaenda nyumbani kwa tajiri. Miguu ilikuwa inatetemeka, nami nilikuwa nimeshapiga hesabu ya kodi na ada iwapo atanifukuza. Nilianza na langu.

"Siku ile niliona, tajiri. Nilikudanganya. Na viazi nimekuwa nikichukua, nawapa watu."

Alinyamaza muda mrefu. Mke wake akaleta chai, akaondoka, chai ikapoa. Nikamwomba tuanze kupima kwa kilo. Akanieleza habari ya madalali, nami najua ni kweli. Akasema tusipime wote, hawezi, atafunga biashara. Mwishoni akasema: "Anayetaka kupimiwa apimiwe, alipwe kwa kilo. Asiyetaka usimlazimishe." La viazi vya wajane akasema nitakatwa, na nimekatwa. Jumatatu mzee akarudi kwenye shazia. Hakuna aliyemwomba radhi zaidi yangu, na aliponisikia alisema tu, "Yameisha, mwanangu," kama mtu anayefunga mlango taratibu ili asiamshe watoto.

Nilitegemea wakulima watajaa. Wiki ya kwanza walikubali wawili.

"Ndoo yangu naijua," baba mmoja aliniambia. "Mashine yako siijui." Wameshaonewa na mizani pia, mahali pengi, na karani wa pale naye alikuwa na mwandiko mzuri. Sikuwa na la kumjibu. Yule kijana wetu mwenye moto ndiye aliyepata njia: alileta mfuko wa mbolea wa kilo 50, haujafunguliwa. Sasa tunaanza na huo. Kila mkulima tunampandishia mfuko kwanza, aone mshale unasimama kwenye hamsini, ndipo tunaweka gunia lake. Inachelewesha kazi. Wiki iliyopita walikubali tisa.

Alhamisi bibi akaja tena, safari hii na mjukuu.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, baba. Siku hizi sijui hata nahesabuje. Haya ni matatu au manne?"

Nikamwambia tutapima. Tukapandisha mfuko wa mbolea. Akamsukuma mtoto mbele asome, mtoto akasogeza uso hadi pua ikakaribia kioo, akasema, "Hamsini, bibi." Tukashusha, tukaweka gunia la kwanza. Bibi akashika mdomo wake kwa mikono miwili, nikaiona ile mikono, mipasuko imejaa udongo mweusi wa huku juu.

"Ongeza, baba," akasema. "Lisije likapungua."

Mzee alikuwa na shazia midomoni. Akaweka kiganja juu ya mdomo wa gunia.

Mtoto akasoma. Nikaandika kilo 98.